Betri ya moyo na mapigo usiyoyazoea: pa kuanzia ukiwa Mtwara au Lindi

Wiki ya pili baada ya kuwekewa betri ya moyo, kile kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua kinachoustua moyo kwa waya unapozembea, nilikuwa nimelala ubavu wa kushoto nyumbani Mikindani, nikausikia moyo wangu ndani ya mto. Du, du, du, kama mtu anatwanga nyumba ya jirani. Nikageuka, ukanifuata. Nikaketi, ukatulia kidogo. Nikalala tena, ukaanza upya. Kulipokucha nilikuwa nimeshaamini kwamba waya umechomoka. Nikapanda basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, mkono mmoja kifuani tangu Mikindani hadi Mbagala. Mtaalamu akaweka kifaa chake cha kusomea juu ya betri, akatazama kompyuta, akanigeukia.

"Mama, kila kitu kiko sawa. Kabla ya betri moyo wako ulikuwa unapiga mara ngapi kwa dakika?"

Nikamwambia 34.

"Sasa unapiga 60. Umesahau tu moyo mzima unavyosikika."

Nauli ya kwenda na kurudi, siku tatu, na mwanangu kuacha shughuli zake anisindikize, vyote kwa jibu ambalo ningelipata kwa vidole viwili na saa ya ukutani. Mwenzetu wa Dar akishtuka anapanda daladala hadi Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Sisi wa kusini tunaanza kwa kutafuta nauli. Ndiyo maana sisi zaidi ya wengine tunahitaji kujua kupambanua: lipi la kukimbilia hospitali ya jirani sasa hivi, lipi la kupigia simu kesho asubuhi, lipi la kuandika kwenye daftari na kurudi kulala. Mimi si daktari. Nina betri kwa mwaka wa sita sasa, kila kliniki nimekwenda na maswali, na wenzangu wa huku wenye betri hunipigia wanaposhtuka. Haya ndiyo ninayowaambia.

Yasiyosubiri daftari

Kuzirai, au kukaribia kuzirai hadi macho yanaingia giza na magoti yanalegea, si jambo la kuchunguza nyumbani. Hicho ndicho ambacho betri iliwekwa ikizuie. Vivyo hivyo maumivu makali ya kifua yanayozidi ukivuta pumzi, hasa wiki za mwanzo, kwa sababu mara chache ncha ya waya hutoboa ukuta wa moyo. Pumzi kukata ghafla. Uso kupinda, mkono kulegea, maneno kutotoka sawasawa: hiyo ni dalili ya kiharusi. Kidonda kutoa usaha, au ngozi kuchakaa hadi betri inaanza kuonekana.

Kwa haya usianze safari ya Dar. Nenda Ligula, nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Sokoine kama uko Lindi mjini, Ndanda, Nyangao, au kituo cha afya kilicho karibu zaidi ya hizo. Mtu hahitaji mashine ya kusoma betri ili akupime presha, akubandike nyaya za kipimo cha umeme wa moyo na kukupiga eksirei ya kifua, na waya uliohama mara nyingi huonekana kwenye vipimo hivyohivyo. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 mafuriko yalikata barabara upande wa Kilwa. Aliyekuwa ameweka matumaini yake yote Dar hakuwa na njia. Beba kadi ya betri yako kila uendapo, hata sokoni.

Hesabu kabla ya kuogopa

Kila betri, au pesimeka kama wanavyoiita kliniki, imewekewa namba ya chini. Wengi wetu ni 60. Wapo wa 50, wapo wa 70. Uliza yako na uiandike nyuma ya kadi. Moyo ukizembea chini ya namba hiyo, betri inaustua. Ukienda wenyewe juu ya hapo, betri inanyamaza na kutazama. Na jambo ambalo wengi hatukuelezwa: betri ya kawaida haina breki. Moyo ukiamua kukimbia 130, haiuzuii.

Keti dakika tano. Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, maana mapigo yakiwa yanaruka hesabu hiyo itakudanganya. Andika namba, kama mwendo ni sawa au una mapengo, ni saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini. Mashine ya presha nayo huonyesha mapigo, lakini yakirukaruka inakosea. Amini vidole.

"Nausikia moyo kwa nguvu, hasa usiku"

Umehesabu, umepata 60 au 70, mwendo sawa, huna kizunguzungu. Basi unachosikia ni moyo wako wenyewe. Betri haina injini. Katika kazi yake ya kila siku haitoi mlio wala haitetemeki. Ukilala ubavu wa kushoto moyo unasogea karibu na mbavu na mdundo unapanda hadi sikioni. Aliyekaa miaka na mapigo ya thelathini na kitu amezoea ukimya ule, na sasa 60 inaonekana ni mbio.

Mimi nilizoea baada ya miezi miwili hivi. Nilijifunza kulala ubavu wa kulia na mto mdogo chini ya kwapa la kushoto, redio ikisema kwa sauti ya chini. Watu watakuambia "usiwaze". Wanakutakia mema, lakini hakuna mtu aliyeacha kuwaza kwa kuambiwa. Hofu nayo hupandisha mapigo, na kwa kuwa betri haina breki, mapigo hayo unayasikia yote.

Kilichonituliza ni kusimuliwa habari za Arne Larsson, Msweden, mtu wa kwanza kuwekewa betri ya moyo ndani ya mwili, Stockholm, Oktoba 1958. Ile ya kwanza ilifanya kazi saa chache tu. Alibadilishiwa zaidi ya mara 20. Akaishi hadi 2001, akafa na miaka 86, na daktari aliyempasua pamoja na mhandisi aliyeibuni betri ile walikuwa wameshatangulia. Za siku hizi kwa kawaida hudumu miaka minane hadi kumi na miwili kabla ya kubadilishwa.

"Nimehesabu 42, na namba yangu ni 60"

Simu nyingi za usiku ninazopokea ni za jambo hili, na mara nyingi ni mapigo ya ziada. Moyo hutangulia kupiga kabla haujajaa damu. Pigo hilo ni dhaifu, halifiki mkononi. Betri imeliona, imelihesabu, na kama namba yako ni 60 inasubiri sekunde moja kabla ya kupiga lingine. Wewe umehisi pengo, kisha pigo zito linalogonga kifua kwa ndani, kwa sababu moyo umepata muda wa kujaa zaidi. Yakija mengi mfululizo, vidole vinapata arobaini na kitu huku moyo wenyewe ukipiga mara nyingi zaidi ya hapo. Watu wengi wasio na betri wanayo haya na hawajui, kwa kuwa hawajihesabu. Kukosa usingizi huyaongeza, hali kadhalika kahawa nyingi na dawa za kukojoza zinazopunguza madini ya potasiamu mwilini. Andika, na yakikusumbua kila siku piga simu kliniki.

Sababu ya pili ni mpangilio. Betri nyingine zimewekwa zishuke hadi 50 usiku, au ziupe moyo nafasi ya kujaribu wenyewe kwanza. Hii unaimaliza kwa kuuliza swali moja kliniki.

Ya tatu ndiyo ya kuogopa: waya haushiki tena. Namna ya kuitofautisha, ingawa si hakika kila mara, ni kwamba mara nyingi hapo hakuna mapengo. Unahisi mwendo wa zamani umerudi, taratibu na sawasawa kama ile 34 yangu, na mwili unaukumbuka uchovu ule na kile kizunguzungu. Hapo ni hospitali leo. Waya huhama zaidi wiki za mwanzo, kabla nyama ya moyo haijaushika. Lakini wapo pia wanaoichezea betri chini ya ngozi, wanaizungusha kwa vidole wakiwa wamekaa, mpaka waya unajisokota na kuvutika kutoka mahali pake. Kama una tabia hiyo, nakuomba uiache.

"Nimekaa tu, moyo umekimbia"

Mzee mmoja wa Tandahimba alinieleza kwamba kila akipanda bodaboda moyo unamwenda mbio, na akishuka unatulia baada ya dakika chache. Nikamuuliza kama kwenye lami inatokea. Hapana, kwenye njia mbovu tu. Ndani ya betri nyingi kuna kihisi kinachosikia mtikisiko wa mwili, ili ukitembea au kulima moyo upande. Bodaboda ikikutikisa juu ya mashimo, kihisi kinadhani unakwenda kwa miguu. Hakina madhara, na kikikukera wanaweza kukipunguza makali kwa kompyuta, bila kisu.

Ni tofauti kabisa na mbio zinazokuja umekaa kitako, bila mtikisiko wowote, na mapigo hayana mpangilio, kama matone ya mvua juu ya bati. Hiyo inaweza kuwa vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga. Betri haizuii jambo hilo, ila nyingi zinalirekodi. Usilizoee. Damu huganda ndani ya vyumba hivyo na donge likipanda kichwani ni kiharusi, na zipo dawa za kuzuia. Piga simu siku hiyohiyo. Ukiwa na maumivu ya kifua au pumzi inakata, nenda.

Na kabla ya kuilaumu betri kwa mbio zozote, pima joto na malaria. Homa hupandisha mapigo kwa kila mtu. Upungufu wa damu pia.

"Tambarare niko sawa, mlimani miguu inakataa"

Wa Newala na wa kingo zote za uwanda wa Makonde wataielewa hii. Kihisi cha mtikisiko hakijui mlima. Ukipanda polepole na ndoo kichwani mwili hautikisiki sana, kwa hiyo betri inakupa kidogo wakati ndipo unahitaji zaidi. Ukishuka unatikisika, inakupa nyingi usizozihitaji. Kwenye baiskeli kifua kimetulia, nayo inadhani umepumzika.

Ipo na nyingine, inayowapata zaidi vijana na wenye nguvu. Unakwenda vizuri, unaongeza mwendo, halafu ghafla kama mtu amekata umeme: nguvu zimeisha, moyo umeshuka nusu. Betri ina namba ya juu pia. Mapigo ya vyumba vya juu yakiipita, inaanza kuyaacha mengine yapite bila kuyafuata. Siku hiyo unaweza kufikiri umezeeka mara moja. Dawa yake mara nyingi ni kubadilisha namba kwenye kompyuta, kazi ya dakika chache, lakini mtaalamu hataijua kama hujamwambia ilitokea wapi na ulikuwa unafanya nini. "Nachoka" haitoshi. "Nikipanda kutoka kisimani, katikati ya kilima, ghafla" inamtosha.

"Shingo inadunda, nimechoka kuliko kabla"

Hii huwapata hasa wenye waya mmoja uliokwenda chumba cha chini. Vyumba vya juu na vya chini vinapigana pembe badala ya kupokezana: cha juu kinasukuma wakati mlango umefungwa, damu inarudi shingoni, presha inashuka. Usiambiwe ni uzee. Waeleze kliniki kwa maneno hayo. Wanaweza kubadilisha mpangilio, na wengine huongezewa waya wa pili.

"Kwikwi haiishi, au nyama ya kifua inacheza"

Tumbo la juu likiruka sawasawa na mapigo, au kwikwi ikija na kuondoka kadiri unavyogeuka kitandani, umeme wa betri unagusa kiwambo cha pumzi au mshipa wake wa fahamu. Pengine ni nguvu iliyowekwa kubwa mno. Pengine waya umesogea. Huwezi kujua nyumbani, kwa hiyo piga simu siku hiyo, na ikiambatana na maumivu ya kifua au kizunguzungu nenda hospitali. Nyama iliyo juu ya betri ikicheza yenyewe ni vivyo hivyo: ala ya waya inaweza kuwa imepata ufa.

"Kizunguzungu, lakini namba ni safi"

Hapa betri mara nyingi haina kosa. Inashika mwendo wa moyo. Haishiki presha wala maji ya mwilini. Joto letu la Novemba na Desemba, mfungo wa Ramadhani, kuharisha, au dawa za presha ambazo hazikuangaliwa upya tangu uwekewe betri, vyote vinashusha presha ukisimama. Pima ukiwa umelala, kisha ukiwa umesimama kwa dakika tatu. Ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi umepata jibu la kumpelekea daktari wa karibu. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Na kabla ya Ramadhani, zungumza na daktari kuhusu saa za dawa.

"Saa ileile kila usiku"

Moyo ukikuamsha saa saba usiku leo, kesho na keshokutwa, andika saa kamili. Betri nyingi hujipima zenyewe kwa ratiba, na wapo wanaohisi mapigo machache mazito wakati huo. Saa inaweza kubadilishwa.

Mfuko, bega, na kazi zetu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vikaratasi tunavyopewa vimeandikwa kama vile sote tunafanya kazi ofisini.

Wiki nne hadi sita za mwanzo mkono wa upande wa betri usipande juu ya bega wala kubeba mzigo. Kutwanga, kuvuta nyavu, kuchimba ming'oko, kutungua embe, vyote vingoje. Lakini usiufunge mkono kwa kanga ukautunza kama yai. Nilifanya hivyo, na bega likaganda. Maumivu yake yalikuwa makubwa kuliko ya upasuaji. Uzungushe chini ya usawa wa bega kila siku. Mkono wote ukivimba na kubadilika rangi, mshipa unaweza kuwa umeziba: nenda.

Mfuko wa betri, yaani pale chini ya ngozi ilipokaa, ukiwa mwekundu, wa moto, au ukivimba, hata baada ya miaka, ni hospitali. Usikubali mtu auchome sindano kutoa maji, usichanjwe chale pale, usipake dawa ya majani hata kama aliyeileta anakupenda. Wadudu wakiingia mfukoni wanaufuata waya hadi moyoni, na kwa kawaida betri na nyaya vyote hutolewa.

Msimu wa salfa una mambo mawili. Mashine ya kupulizia mikorosho inabebwa mgongoni, na mkanda wake wa kushoto unalala juu ya betri kabisa, chini tu ya mtulinga. Msuguano wa wiki nzima unaweza kuila ngozi. Pili, injini yake inatoa cheche za umeme. Mwenye betri asiinamie injini inayounguruma, aiache umbali wa angalau sentimita 30. Ushauri wangu ni kumlipa kijana apulizie. Ukiwasha jenereta, fuata umbali uleule. Kuchomelea vyuma usijaribu kabla ya kuuliza kliniki.

Simu ikae sentimita 15 mbali na betri. Kina mama, tunajua tunakoziweka: ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Hamishia mkobani. Spika kubwa za ngoma zina sumaku. Cheza, lakini usiegemeze kifua. Redio, televisheni, sola na pasi havina shida. Ukiketi mbele kwenye gari, karibu na dereva, mkanda unapita bega la kushoto. Ufunge, uweke kitambaa kilichokunjwa katikati.

Unapopiga simu au kutuma ujumbe

Wataalamu wana wagonjwa wengi na "moyo unanisumbua" haimsaidii yeyote. Mimi huandika hivi:

"Habari za kazi. Nina betri ya nyaya mbili, niliwekewa miaka sita iliyopita, namba ya chini 60. Tangu Jumatatu, nikipanda ngazi, nguvu zinakata ghafla kwa dakika moja. Nikikaa mapigo ni 64, mwendo sawa. Presha 118 kwa 72. Sijazirai, sina homa, mfuko hauna uvimbe. Je, nije au nisubiri kliniki?"

Mara nyingi hurudi swali moja la nyongeza, kisha tarehe. Ukipewa tarehe, uliza kama siku hiyohiyo wanaweza kukufanyia na vipimo vingine unavyodaiwa, ili safari iwe moja, na uweke daftari ndani ya mkoba wa kadi usiku uleule kabla hujasahau.